Msukuma kiti na barua ya nyumba ya arobaini na mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi, korido ya wodi ya moyo haijakauka deki. Jua limeingia kwa dirisha kubwa la mwisho na kulala sakafuni, na juu ya mwanga huo watu wawili wanakuja polepole na kiti cha magurudumu. Kiti ni kitupu. Anayekisukuma ni mgonjwa, fundi cherehani aliyelazwa siku ya tano leo. Pembeni yake anatembea mwanamke mfupi mwenye sare ya kijani, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka kupunga upepo.

Fundi anasimulia habari za gauni la bibi harusi alilokosea kulikata mkono mmoja, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya sherehe. Kwenye mlango wa tatu sentensi inamkatikia. Pumzi imemwishia. Mwanamke wa sare ya kijani anakigeuza kiti, anakifunga breki.

“Kaa,” anamwambia. “Gauni tutalimalizia kesho.”

Wodi nzima inamwita Mama Taratibu. Ana miaka hamsini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akisukuma wagonjwa, kutoka wodini hadi chumba cha picha, kutoka chumba cha picha hadi maabara, na siku ya kuruhusiwa, hadi getini. Kila baada ya miezi minne anamaliza soli za viatu, na viatu hununua mwenyewe.

“Nalipwa kusukuma watu,” anasema, “na raha yangu ni kurudi na kiti kitupu.”

Hafanyi mambo kichwakichwa. Daktari ndiye anayeandika nani atembee na mwisho wake wapi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwonyesha mgonjwa namna ya kuanza. Lakini mtaalamu ni mmoja na vitanda ni thelathini na sita. Akishaondoka, mgonjwa hubaki na dari, na dari ya hospitali haina la kumwambia mtu. Hapo ndipo Mama Taratibu hupita na kiti chake na kuuliza, bila haraka yoyote, jana tuliishia wapi.

Hadithi ndiyo kipimo chake. Mgonjwa anayeweza kutembea huku anasimulia, aendelee. Akianza kumeza maneno, akae. Na hadithi haisimuliwi kitandani hata kidogo. Anayetaka kuimalizia ainuke. Mwandishi wa makala haya alijaribu kumhoji wakipanda mwinuko wa kwenda maabara, na swali la pili halikufika mwisho. Mama Taratibu alimtazama kwa huruma, akamwonyesha kile kiti.

Utaratibu huu aliupata kwa kukosea, na kosa alilifanyia nyumbani kwake.

Miaka kumi na moja iliyopita mume wake, fundi bomba, alipata mshtuko wa moyo. Aliporuhusiwa, daktari alisema atembee kidogo kidogo kila siku. Mama Taratibu alisikia vizuri. Akaenda kuomba kiti kikuukuu stoo, akakipeleka nyumbani, akamkalisha mumewe. Alimvalisha viatu, alimletea maji, hata dirisha alimfungulia yeye. Alijiona anajua kuliko daktari, maana kumhudumia mtu aliyekaa ndiyo kazi iliyompa ugali.

“Nilimlea kama yai,” anasema.

Mume aliacha kuuliza matokeo ya mpira. Kisha akaacha kuuliza nani amechukua spana zake. Mwisho akawa hageuki hata mlango ukifunguliwa. Alifariki baada ya miezi kumi na minne. Daktari alimweleza mjane kwamba moyo ule ulikuwa umeumia sana, asijilaumu, na yeye habishi.

“Lakini ile miezi kumi na minne,” anasema, “angeiishi.”



Mwaka huu, mwanzoni kabisa, wodini aliletwa mzee wa miaka sabini na moja, mgawa barua mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amezunguka mtaa mmoja kwa miguu na mkoba begani. Alipopata mshtuko wa moyo alielekeza uso ukutani akakaa hivyo. Chakula alikionja vijiko viwili. Aliwaambia masista kuwa miguu yake nayo imeshastaafu, wamwache. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshamwandalia chumba cha chini na kengele kando ya kitanda, ili baba asiinuke tena kwa jambo lolote.

Mama Taratibu hakumuuliza habari za moyo. Alimuuliza mzunguko wake ulianzia wapi. Mzee alijibu ukutani kwamba ulianzia duka la viatu. Basi, akasema Mama Taratibu, ule mlango wa stoo ya mashuka ndio duka la viatu. Anayefuata ni nani?

“Siwezi kukumbuka nikiwa nimelala,” alisema mzee, kwa hasira. Akashusha miguu.

Ndivyo korido ilivyogeuka mtaa. Masanduku ya barua yalikuwa arobaini na moja. Siku ya kwanza walifika la tatu, mzee akakaa. Siku ya pili walianza tena dukani, wakafika la tano, nyumba ya mama aliyepokea barua kwa viwiko kwa sababu viganja vilikuwa na unga. Nambari tisa palikuwa na mbwa aliyeiba ndala za wageni. Nambari kumi na nne alikaa kapera aliyejiandikia barua mwenyewe kila wiki, majirani wasije wakadhani hana mtu. Mzee aliyajua yote hayo, na kila barua alimkabidhi kapera huyo kwa heshima zote kama imetoka mbali.

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walianza kutega masikio. Waliopewa ruhusa ya kutembea waliwafuata kwa nyuma, wakitaka kujua nambari kumi na tano. Sista mmoja anakiri kuwa asubuhi moja, akiwa na trei ya dawa, alijikuta akimkwepa mbwa ambaye hayupo.

Walifika nambari ishirini na sita. Siku ya kumi na moja, jirani wa kitanda cha mzee, ambaye jana yake alikuwa akicheka habari za kapera, hakuamka.

Mzee alirudi ukutani.

“Barua zimekwisha, mwanangu,” alimwambia Mama Taratibu. “Nenda na kiti chako.”

Sauti ile aliijua. Aliishi nayo miezi kumi na minne. Akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe.

“Basi mimi ndiye nyumba ya mwisho, baba,” alisema. “Ya arobaini na mbili. Nimekaa hapa nangoja barua yangu.”

Alikaa mpaka alipoitwa kazini. Saa ya chakula cha mchana alirudi, akakaa tena. Saa ya kutazama wagonjwa binti akaingia na chupa ya supu, akakuta msukuma kiti amestarehe kitini na baba yake amempa mgongo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema baba anahitaji kupumzika, si kusumbuliwa.

Mama Taratibu alimsimulia habari za mume wake, kwa sauti ya chini, bila kuficha hata ile ya dirisha. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda akalia. Kisha akainama akazitoa ndala za baba yake chini ya kitanda. Siku zote alikuwa akimvalisha. Siku hiyo aliziweka sakafuni, zikielekea mlangoni, akakaa mbali.

Mzee alizitazama muda mrefu. Supu ilipoa.

“Ishirini na saba,” akasema hatimaye. “Hapo palikuwa na ngazi.”

Siku nane baadaye aliruhusiwa. Alikisukuma kiti kitupu mpaka getini, akipumzika mara mbili, binti akimfuata roho mkononi. Ile kengele imerudishwa shuleni ilikotoka.

Moyo wa mzee bado ni dhaifu. Daktari hajamficha, na hakuna aliyemwahidi mwaka. Lakini Ijumaa iliyopita, siku ya kliniki, alikuja kwa miguu. Kutoka kwake ni mwendo wa nusu saa. Yeye hutumia saa nzima na mabenchi matatu. Alikuwa na kofia yake ya zamani ya kazi na bahasha mkononi. Mapokezi walitaka kuipokea, akakataa. Alipanda hadi wodini, akapita duka la viatu, akampita mbwa, akaikabidhi mwenyewe. Juu ya bahasha: Mama Taratibu, Nyumba ya 42.

Ndani kuna mistari minne, na mwandishi aliruhusiwa kuuona wa mwisho tu: “Jibu usilitume. Nitalifuata mwenyewe, kwa miguu, kila Ijumaa mpaka liwe tayari.”

Mama Taratibu hajaandika barua tangu shule. Sasa amenunua daftari la kurasa themanini, na mpango wake ni kumpa mzee ukurasa mmoja kila Ijumaa. Mwandishi alipiga hesabu, ikazidi mwaka mmoja na nusu. Alipomwambia, mama huyo alicheka, machozi yakimlengalenga, akasema kalamu nazo zipo.

Ukurasa wa kesho uko mfukoni mwa sare yake. Anaukunjua. Mwandiko ni mkubwa, na maneno hayafiki nusu ya karatasi: “Baba yangu wa Posta, siku ile ulipoingiza mguu kwenye ndala, mimi pale kitini nili”

Yameishia hapo.

“Ulifanya nini?” mwandishi anauliza.

Mama Taratibu anaukunja ukurasa, anafungua breki ya kiti.

“Na wewe njoo Ijumaa,” anasema. “Kwa miguu.”