Pombe ya Kumaliza Kesi

Nilipanga chumba kijijini Mollo kwa mzee mmoja mkulima wa maharage, nikahamia wiki ileile walipokuwa wakipika pombe ya ulezi. Nilidhani ni ya harusi. Kumbe ilikuwa ya kumaliza kesi. Mnunuzi wa mazao, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa amelala na binti wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha pili, umri wa miaka kumi na sita. Wazee wa pande mbili walikaa, wakanywa chungu kimoja. Pombe hiyo ikishanywewa, hakuna anayeruhusiwa kulitaja jambo tena. Baada ya mavuno binti angeolewa na mtu yuleyule.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba binti alikubali mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nazunguka nikiulizauliza. Safari hii niliuliza polisi, dawati la jinsia. Askari, mwanamke wa makamo, alinieleza kuwa chini ya miaka kumi na minane kukubali hakuhesabiki. Mwanaume amebaka, hata kama binti alimfuata kwa miguu yake. Na akimwoa? Hapo akashusha pumzi. Sheria ya ndoa bado inamruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa mzazi akiridhia, na sheria ya ubakaji inamwachia huru mume wa binti huyo. Ila huyu hakuwa mke siku ile, na kumwoa mwanafunzi ni kosa jingine.

Nilitoka nimekasirika. Mkono mmoja wa sheria unamkinga mtoto, mwingine unamwachia.

Askari alipokuja Mollo kupeleleza, mzee alimtolea kigoda.

"Afande, hilo limekwisha," alisema kwa fahari. "Mnunuzi mwenyewe alikiri mbele yetu, tukanywa. Muulize jirani, alikuwepo."

Alidhani anaizima kesi, kumbe anatoa ushahidi. Askari alipomwomba akayarudie hayo mahakamani, akainuka akaingia ndani. Kesho yake jirani hakukumbuka hata ladha ya pombe, na binti alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake Kaengesa. Askari aliniambia kuwa binti asipozungumza, kesi itakufa. Wapangaji wenzangu wakaanza kuniita wakili. Mshikaji, utatutetea na sisi lini?

Nikaenda Kaengesa. Nilimkuta binti anapepeta maharage, shangazi yake kando. Nikamwamkia shangazi, nikakaa, nikaeleza yote niliyoambiwa. Binti alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Kwa hiyo kaka, kukubali kwangu si kitu."

"Si kitu."

"Na kukataa? Maana kuolewa nilikataa. Nilimwambia baba kabla hawajanywa."

Nilikuwa nimeuliza watu wote isipokuwa yeye. Nikamwambia maneno hayo akayaseme mwenyewe kwa askari. Akaweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua sweta. Nilimtazama shangazi, nikingoja anifukuze.

"Anywe uji kwanza," akasema. "Nami nakwenda naye."

Tulipofika kituoni mjini, yule askari alikuwa amesafiri kikazi. Askari kijana wa zamu alituambia turudi Jumatatu. Nilianza kubishana naye, sauti ikapanda. Binti alinipita, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni.

"Askari mwingine wa dawati yupo?" akamuuliza kijana. "Nitamngoja huyo."