Mkia wa Bwana Harusi

Mkasi wa kukatia vitambaa haukuundwa kwa kazi ile, na fundi cherehani alilijua hilo tangu alipombana jogoo kwapani. Alianza na manyoya mafupi ya chini, kisha akafumba macho akabana. Manyoya mawili marefu kuliko yote ya mkia yakaanguka sakafuni, meusi, yamepinda kama mundu. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Hofu ikamshika, akajiona kama amemkata baba yake mkono.

Baba huyo, mfuga kuku wa miaka arobaini, alichagua majogoo kwa jambo moja tu: mkia. Mwenye mkia mrefu alibaki kuzalisha, mwenye mfupi alikwenda chunguni. Mkwewe mmoja aliwahi kung'oa unyoya ili achokonoe sikio, na mpaka leo hajakaribishwa hata chai. Siku hizi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini kila asubuhi mzee aliingia bandani, akaupitisha mkia mzima kiganjani, ndipo akakumbuka kusalimia watu.

Jogoo mwenyewe aliitwa Bwana Harusi, na jina lilikuwa dhihaka tupu. Ugonjwa wa kideri uliwamaliza ndugu zake, akabaki yeye na matetea wanne wanaozeeka. Mara tatu mayai yaliatamiwa, mara tatu yakawa viza. Daktari wa mifugo, mama asiyemung'unya maneno, alisema mkia umezidi: jogoo akipanda, manyoya yanatangulia na mbegu haifiki. Yakatwe, la sivyo kizazi cha kuku wa mzee kinaishia kwa matetea hao. Fundi alipomgusia baba yake habari hiyo, mzee aliweka kikombe chini, akaondoka.

Lakini fundi maji alishayavulia nguo, ilibidi ayaoge. Kila alfajiri, kabla baba hajaamka, aliyafunga yale manyoya mawili kwenye vishina vyake kwa uzi mweusi. Baba akishatoka, aliyafungua ili jogoo afanye kazi yake. Wiki tatu alikula bila kushiba. Akisikia fimbo ikigonga kizingiti cha banda, alisimama roho mkononi huku mkono wa mzee ukipita juu juu ya mkia. Zamani mkono ule ulishika kwa nguvu. Alidhani ni uzee.

Mayai mapya kumi na mawili yalipotimiza siku saba chini ya tetea, alijifungia nayo stoo akayamulika kwa tochi, moja moja. La kwanza lilikuwa na mishipa myekundu ya kifaranga, imetanda kama mizizi. La pili pia. Alipomaliza alitoka mbio, machozi yakimlenga, akasahau kabisa kwamba asubuhi ile alifunga uzi kwa haraka.

Baba alikuwa ameshaingia bandani. Bwana Harusi alikuwa kwapani mwake, na unyoya mmoja ulikuwa mkononi, uzi unaning'inia.

Fundi alisimama mlangoni. Alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Baba, nisamehe."

"Leo hukukaza," mzee alisema.

Fundi hakuelewa.

"Wiki tatu nagusa kama mwizi, mwanangu. Nilichelea kuuchomoa nikakutia aibu." Alikuwa akiuviringisha unyoya vidoleni bila kukoma, na ndipo fundi alipoona kwamba baba yake naye anaogopa, pengine kumzidi yeye. "Niambie basi. Yameshika?"

"Tisa, baba. Kati ya kumi na mawili."

Mzee alipapasa ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. Alisema hakuthubutu kuuliza siku zote hizo. Kumbe mkia ule aliutengeneza yeye, jogoo baada ya jogoo, bila kujali mbegu, na kama hata baada ya kukatwa mayai yangekuwa viza, basi aliyewamaliza kuku wake ni yeye mwenyewe.

Kisha akapitisha vidole chini ya mkia, polepole, akakunja uso.

"Kalete mkasi," alisema. "Huku kushoto umeacha mengi."