Nyumba Niliyoiruka

Mwaka ule nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwetu Navakholo. Tulipewa vikopo vya kupimia choo, kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, maana yaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya utumbo mpana. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi walicheka. Mama mmoja aliniuliza kama mavi yake nitayapeleka kwa mganga. Mwingine akasema haumwi popote, apimwe nini? Nilibembeleza, na baadhi yao wakakubali.

Nyumba moja tu sikupiga hodi: ya baba mkwe wangu, ng'ambo ya shamba letu la miwa. Kwetu mke hata mkono hampi baba mkwe. Ningeanzaje kumweleza habari za choo chake? Nilimpa mume wangu kikopo ampelekee.

"Hii nimpelekee mzee?" akasema. "Ataniuliza nimeingiwa na nini."

Akakiweka kabatini, nami nikanyamaza.

Mwaka uliofuata mzee alianza kukonda, hata mshipi wake ukahitaji matundu mapya. Ndipo alipomwambia mwanawe kwamba kwa miezi mingi alikuwa akiona damu chooni, akidhani ni bawasiri, akinywa dawa za miti shamba. Tulimpeleka hospitali mjini Kakamega. Daktari akatuambia uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Alikuwa mjane, na binti zake wameolewa mbali, kwa hiyo nilimuuguza mimi. Nilimwosha, nikambadilisha nguo. Miiko yote ilikwisha pale kitandani. Asubuhi moja, nikimnywesha uji, akaniuliza:

"Mama, kale kapimo ulikuwa unapeananga kijijini, kalikuwa ka ugonjwa huu?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi ulinisahau?"

"Sikukusahau, Baba. Niliona haya."

Akakisukuma kando kikombe cha uji.

"Hata mimi ningeona haya," akasema. "Lakini ningepima."

Sijui kama kweli angepima. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Matangani wanawake walinisifu: mkaza mwana gani huyu, amemwosha mzee kama mtoto wake wa kumzaa! Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa sauti. Wakanifuata kunishika, wakiniambia nimefanya yote ambayo mtu angeweza kufanya.