Mpira wa Mkono wa Kuume

Injini ya lori la baba ilirudi kutoka kwa fundi wa kuchonga vyuma ikiwa safi kuliko vyombo vyetu vya sikukuu, nami nilipoiona nilitamani irudishwe ilikotoka. Fundi alikuwa ameniambia waziwazi: krenki, ule mhimili wa injini, imechongwa kwa mara ya mwisho, haina nyama tena ya kuchongwa. Ikikosa oili hata kwa kitambo kidogo itanoki, yaani itagonga chuma kwa chuma, na ikinoki safari hii ni chuma chakavu. Aliyasema hayo huku akipangusa mikono, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Hofu ikabaki kwangu.

Baba angekuwa mzima, hofu hiyo ingekuwa yake. Yeye ndiye aliyeifungua injini ile, peke yake, kando ya nyumba yetu huku nje kidogo ya Tanga. Siku aliyomaliza kuifungua ndiyo siku aliyoanguka. Mama na mimi tulikuwa jikoni tukikuna nazi. Tulisikia kishindo, tukatoka mbio, tukamkuta kando ya gurudumu la mbele, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mkono na mguu wa kuume vilikufa, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, mengine ya kutukania makuli, lilibaki moja tu: hewala. Ukimwuliza kama ana njaa, hewala. Ukimwuliza kama ameshiba, hewala. Mwanzoni tulifurahi, tukidhani anatukubalia.

Lori lile ndilo lililotulisha miaka yote, kwa nazi za Mwera na dagaa wa Kigombe, na hatukuwa na kingine. Kazi ya kuifunga injini ikaniangukia mimi, maana ndimi niliyekua nikimshikia baba spana. Wapo majirani waliopita wakasimama, wakasema mwanamke kulala chini ya lori haipendezi. Niliwakaribisha waje walale wao. Hakuna aliyevua kanzu.

Watu wa winchi waliiteremsha injini mahali pake wakaenda zao, wakaniacha na mipira. Mipira ya maji, mipira ya dizeli, mipira ya oili, mingine minene, mingine kama kidole, yote myeusi, yote inaning'inia.

Kilichonipa moyo ni vitambaa. Baba hakuandika alama wala hakupiga picha. Simu kwake ilikuwa ya kuongelea. Akifungua injini, kila mpira aliufunga kitambaa. Mpira wa mkono wa kike, yaani wa kushoto, aliufunga kipande cha kanga ya mama, na wa mkono wa kuume kipande cha kikoi chake. Na mkono ulikuwa wa dereva, si wa fundi. "Lori halina mkono mwingine," alikuwa akinikaripia kila nilipokosea. "Kaa kwenye usukani kwanza, ndipo uniambie kuume ni wapi." Mama naye akitafuta kanga yake akaikuta ina pengo pembeni, siku hiyo nyumba ilikuwa haikaliki.

Basi nikavifuata vile vitambaa. Mpira wa rejeta, kanga, mkono wa kike, ukaingia. Mipira ya dizeli, mmoja kanga, mmoja kikoi, ikaingia. Hata hivyo sikutulia. Nilikuwa naufunga mpira, naufungua, napanda kukaa kwenye usukani kuhakikisha kuume ni wapi, nashuka naufunga tena.

Mwisho ikabaki mipira miwili ya filta ya oili. Kwenye lori letu filta haikai kwenye injini. Mwenye lori wa kwanza aliihamishia pembeni, kwenye chesesi, fremu ya chini ya lori, na mipira miwili iliyo sawa kama mapacha ndiyo inayoiunganisha. Mmoja unapeleka oili kwenye filta, mwingine unairudisha. Ukiikosea, kuna kilango ndani ya filta kinachojifunga, oili haipiti, na injini inakauka huku kijiti cha kupimia kikikuambia imejaa. Nikavitafuta vitambaa.

Vyote viwili vilikuwa kanga.

Niliinama nikatazama tena. Kanga ileile, ua lilelile, kwenye mpira huu na kwenye huu. Nilitambaa chini ya lori nikitafuta kipande cha kikoi labda kimeanguka, nikachokora mchanga kwa vidole. Hapakuwa na kitu. Baba hakuwahi kufunga kanga mbili. Niliogopa vile unavyoogopa ukisikia mtu unayemfahamu anaita jina lako kwa sauti isiyo yake.

Nilivifungua nikaenda navyo ndani. Baba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Shikamoo baba."

"Hewala."

"Baba, mipira ya filta. Wa kuume ni upi?"

Alivitazama vitambaa. Akanyoosha mkono wa kike, akakigusa kimoja, akakigusa cha pili, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Hewala," akasema. Kisha macho yake yakaanza kwenda huku na huku, nikaona na yeye anaogopa, nikatoka kabla sijalia mbele yake.

Nilikaa kwenye ngazi ya lori. Kubahatisha nilishindwa. Kila nikifumba macho nilimsikia yule fundi akisema haina nyama tena, halafu nilimwona baba dirishani akiisikia injini yake inagonga. Angejua. Maneno yalikuwa yameondoka lakini masikio alikuwa nayo, na injini ile aliijua kwa mlio. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko njaa.

Baadaye nikajiambia, kama baba hawezi kusema, iulizwe injini yenyewe. Nilifunga dizeli isifike kwenye pampu ili isiwake, nikaitumbukiza ile mipira kwenye ndoo mbili, nikamwita mama aje azungushe ufunguo. Alipanda amejitanda kanga, ameushika usukani utadhani utamkimbia.

"Likiniua hili," alisema, "utamwambia nini baba yako?"

"Chochote nitakachomwambia, atasema hewala."

Tulicheka, kisha tukaona haya.

"Zungusha, mama."

Injini ikajikokota. Ndoo zikabaki kavu. Nikamwambia aendelee. Ndipo mpira mmoja ukakohoa, ukatapika oili. Ule wa pili ukabaki kimya. Nikaipulizia midomo ya filta, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikajua wa kuingilia ni upi. Nikaifunga mipira, nikafungua dizeli, nikapanda mwenyewe.

Ikawaka. Mshale wa oili ulikuwa umelala chini, na ukaendelea kulala. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kizimio, nasema Yarabi, Yarabi, nikidhani nimeshaiua. Halafu mshale ukatikisika, ukapanda, ukakaa. Injini ikaunguruma vizuri, bila kugonga. Nilishuka nikakaa mchangani.

Mama aliniuliza mbona nimesumbuka na ndoo wakati vitambaa vipo. Nikamwambia kuhusu kanga mbili. Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kikoi, kimefuliwa, kimekunjwa.

"Alikuwa amekifumbata," alisema. "Mkono wa kuume. Siku ile nilipomvua nguo nilimbandua vidole. Nikadhani ni cha kupangusia mafuta."

Nikakishika. Alikuwa amekichana, amekishika tayari kukifunga, na ule mkono ukaacha kuwa wake. Kuume kulikuwa kumeondoka, kwa lori na kwake mwenyewe, vidole havikukiachia kikoi, akatwaa kipande kingine cha kanga akakifunga kwa mkono uliobaki. Nikakumbuka fundo la kitambaa kimoja nilipokifungua. Lilikuwa limelegea, na kitambaa kilikuwa na alama za meno. Kwa hiyo kishindo tulichokisikia hakikuwa mwanzo. Alikuwa kule chini muda wote ule, anaumwa, anafanya kazi, na sisi jikoni tunakuna nazi.

Niliiacha injini ikiunguruma, nikaingia ndani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande wa dirisha, anasikiliza. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikapiga magoti, nikamwekea kile kitambaa kwenye kiganja cha kuume, nikamfumba vidole.

"Baba," nilimwuliza, "ulipokuwa chini ya lori, ulituita?"

Aligeuka kutoka dirishani.

"Hewala," akasema.