Jembe la Tisa

Evaline hakuumbiwa kukaa. Kanisani, padre akianza tu kusoma matangazo, yeye tayari yuko mlangoni. Akibandika maharage atafunua chungu mara kumi, na mumewe Longinus, mtu mpole ambaye hata mvua hajawahi kuikimbia, alizoea kusema kwamba maharage ya nyumba hii huiva kwa woga. Kijiji kizima cha Heru Juu kiliwajua hivyo. Mungu aliwaunganisha wawili hao ili kila mmoja apate mtu wa kumlalamikia.

Aliolewa kutoka Kagerankanda akiwa na miaka ishirini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kubishana na wahenga. Siku ya tatu, chai haijapoa, alimkabidhi bibi harusi jembe lenye mpini mpya akamwongoza mpaka shambani kwa watu. Huko alikuta kundi la wanawake waliolima kwa zamu: Jumanne kwa huyu, Ijumaa kwa yule, hadi mzunguko uishe uanze upya. Pamoja naye walikuwa tisa. Hakuna aliyelipa wala kulipwa. Sheria ilikuwa moja tu, jembe kwa jembe. Ukija kwangu nitakuja kwako, na usipokuja, magugu yako ni yako.

Miaka ishirini na saba ilipita katika sheria hiyo. Alipojifungua mwanawe Isack, wenzake walilima zamu zake mbili bila yeye kutia mguu shambani, na hakuna aliyemkumbusha. Mama mkwe alipofariki walikuja na majembe kwanza, wakamaliza palizi, ndipo wakaingia ndani kulia. Mwenye kuushika mzunguko kichwani alikuwa Claudine, jirani yake aliyemzidi miaka michache, mwanamke mkavu wa maneno. Jua likipanda na kazi ikiisha, Claudine alisimama kwenye kichwa cha shamba, akafuta jembe lake kwa jani la mgomba, akataja zamu zinazofuata. Hakuwahi kuandika popote na hakuwahi kukosea.

Basi trekta lililokuja kuivuruga sheria hiyo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye ekari saba. Baba yake Evaline alimwachia ekari hizo kule Kagerankanda, tambarare nzuri yenye udongo mweusi, na kila alipokwenda kusalimia aliziona zimelala. Kitu kilicholala kilimnyima raha Evaline, hata kama ni ardhi. Kundi halikuweza kwenda huko, ni mbali, na jembe la mkono lingemaliza msimu kabla ya kumaliza ekari mbili. Kisha barabara ya lami ikapita kwenye kiwanja chao kidogo cha kando ya njia, fidia ikatoka, na Longinus akasema waiweke kwanza watafakari. Hilo lilikuwa kosa lake. Ukimwambia Evaline atafakari, anavaa viatu.

Mjini Kasulu kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Saady, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na chumvi. Yeye aliuza matrekta madogo ya Kijapani yaliyokwisha kutumika. Evaline alikwenda kwake mara nne ndani ya wiki mbili. Mara ya kwanza alizunguka trekta moja jekundu, akapiga matairi teke kwa sababu aliona wanaume wakifanya hivyo. Mara ya pili aliuliza bei. Mara ya tatu alikuja kuuliza bei ileile, labda imelala ikaamka nyingine.

"Mama yangu," Saady alimwambia safari ya nne, "bei utaijua. Mimi nakuuliza shamba. Lina visiki? Lina mwinuko?"

"La Kagerankanda lina visiki vichache. Ni tambarare."

"Na la nyumbani?"

"La nyumbani liko mlimani. Lakini hili si dogo? Litapanda."

Saady akacheka kwa adabu. Pesa zilipolipwa akamfungia plau ya sahani, ile ya vyuma vya mviringo, kwa kuwa sahani ikikutana na kisiki hupanda juu yake ikateremka, wakati ile ya ulimi ingenasa na kuvunjika. Akatanua magurudumu ya nyuma yakae mbalimbali. Akafunga vyuma vizito puani. Kisha akaleta mpira wa maji na kuanza kujaza matairi ya nyuma, na hapo Evaline akasimama mbele yake.

"Baba Saady, nimenunua tairi za upepo. Maji ninayo nyumbani."

"Ni uzito huo, mama. Bila maji litateleza, kazi yake itakuwa kuchimba mashimo. Na bado nasema, mlimani hapana. Chukua tela kwanza, ubebe mizigo ya watu."

Tela hakulitaka. Yeye alitaka kulima. Kuendesha alifundishwa na Saady mwenyewe, nyuma ya ghala lake, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Siku za kundi hakwenda mjini. Katika pilika zote hizo za kununua na kujifunza hakukosa Jumanne hata moja, na mikono yake ilinuka dizeli huku imeshika mpini.

Trekta lilipanda Heru Juu Jumapili, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, kitenge amekifunga juu ya suruali ya Longinus. Watu walitoka makanisani. Wazee walipiga makofi ya salamu ya Kiha kana kwamba amekuja mkwe. Claudine naye alikuja, akaligusa bati la moto, akasema, "Hongera, mama Isack. Umevuka." Evaline alifurahi sana, na hakujiuliza amevuka nini.

Jumanne walilima kwa Claudine. Kazi ilipoisha, Claudine akasimama kwenye kichwa cha shamba, akafuta jembe, akataja. Ijumaa kwa mama Herieth. Jumanne kwa mama Khatibu. Ijumaa kwa Stumai. Akaendelea mpaka akarudi kwake mwenyewe. Evaline alisubiri jina lake kama mtu anayesubiri chenji, kisha akaona kila mtu anakusanya vitu vyake.

"Umeniruka, dada," alisema.

"Hatukukuruka. Tumekupumzisha." Claudine alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Wewe sasa una mashine. Tukikuita kushika jembe tutaonekana tunakusumbua. Pumzika, mama Isack, umelima vya kutosha."

Wengine waliitikia, wakamcheka kwa upendo, mmoja akamwambia asiwasahau akinunua ndege. Hakuna aliyenuna. Kama wangenuna angegombana nao, na ugomvi aliuweza. Akarudi nyumbani akiwa na jembe begani na hasira isiyo na pa kutua, akamgombeza jogoo.

Mvua za kwanza ziliponyesha akaenda Kagerankanda. Hapo lazima tuseme ukweli, alipata raha ambayo hajawahi kuipata. Ekari saba kwa siku tatu. Udongo uligeuka mweusi na kunuka mvua, kunguru wakimfuata nyuma, visiki vikipita chini ya sahani kama Saady alivyoahidi. Mtu asiyeweza kukaa alikuwa amepata kiti kinachokwenda. Alipanda mahindi kwa vibarua, akarudi Heru Juu akiimba.

Wimbo ulikatika Jumanne. Aliwasikia wakipita kwenye njia ya chini, wakicheka, majembe yakigongana. Alijikuta amesimama, mkono umeshanyooka kuchukua jembe nyuma ya mlango. Akaurudisha. Akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Akalifuta trekta vumbi, akaangalia mafuta, akaangalia tena. Ijumaa ikawa hivyo hivyo, na Jumanne iliyofuata.

"Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga," Longinus akamwambia. "Nenda ukawaone."

"Nikawaone kwa kipi? Wamesema nipumzike."

"Basi pumzika."

Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Longinus alilifahamu, naye akaenda kuangalia mbuzi.

Shamba la mlimani, lile la nyumbani lenye mihogo na maharage katikati, lilikuwa likisubiri. Kila mwaka kundi lilimaliza kazi yake kwa asubuhi mbili. Evaline akaamua kuwaonyesha, au kujionyesha, hajui hadi leo. Akaliingiza trekta kwenye mteremko, plau nyuma, pua juu. Hakufika mbali. Sahani zilikamata udongo, injini ikanguruma, na magurudumu ya mbele yakanyanyuka kutoka ardhini. Aliliona anga pale alipopaswa kuona mihogo. Akakanyaga klachi kwa kukurupuka, trekta likadondoka kwa kishindo, likarudi nyuma lenyewe, likasimama baada ya kulaza migomba mitatu.

Longinus alikuja kwa hatua zake zilezile. Akamshusha. "Shamba limekataa," alisema tu. Kilichomtisha Evaline zaidi ya kufa ni kwamba siku ile ilikuwa Ijumaa, na wenzake walikuwa mteremko wa pili tu, wakilima bila yeye.

Kule Kagerankanda mahindi yakaota, na magugu yakaota mara mbili. Trekta lilifungua ekari saba kwa siku tatu, lakini halikujua kupalilia hata hatua moja. Vibarua walikuwa wachache msimu ule, kila mtu ana shamba lake. Wakaokoa ekari tatu. Nne zikamezwa na nyasi, naye akaziangalia zikimezwa.

Ndipo akaenda kwa Claudine. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno njiani, maneno mazuri.

"Dada, nimefikiri. Nitawalimia wote bure. Mwenye kipande cha tambarare, hata kule bondeni, nitakuja na trekta. Sitaki kitu. Ninyi mnirudishe tu kwenye zamu."

Claudine alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Ukinilimia nusu siku kwa trekta, mimi nitakurudishia nini?"

"Nimesema bure."

"Bure ni ya mgonjwa na mfiwa. Sisi si wagonjwa." Akapuliza makapi. "Ukija na jembe, nakuja na jembe, tunatazamana usoni. Ukija na trekta, mimi sina trekta la kukurudishia. Mwaka huu nitakushukuru, mwaka kesho nitakukwepa njiani. Unataka nikukwepe?"

Evaline alirudi nyumbani na aibu ya mtu aliyepeleka zawadi akagundua kwamba ni mzigo. Akamsimulia Longinus, akitegemea atamtetea. Longinus alifikiri kwa muda wake mrefu, mpaka Evaline akataka kumtikisa.

"Kwani jembe lako limevunjika?" aliuliza.

Jumanne, kukiwa bado na ukungu, Evaline alitoka na jembe. Ilikuwa zamu ya mama Herieth. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliwasalimu, "Mwakeye," wakaitikia, akasimama mwisho wa mstari, upande wa mawe ambao huachiwa bibi harusi mgeni, akaanza kulima. Kazi ilipoisha Claudine akataja zamu. Jina lake halikuwamo. Akasema kwaheri, akaondoka. Ijumaa akaja tena.

Kwa mtu kama yeye, ilikuwa adhabu. Alizoea kudai jibu kabla swali halijakauka, na sasa alimaliza kila siku akisikiliza majina ya watu. Mkono ulimwasha, ulimi ulimwasha zaidi. Mara mbili alitaka kutupa jembe na kusema, semeni basi, mnanitaka au hamnitaki. Akameza. Alilima kwa wanane wote, mzunguko mzima, wiki nne, kwa kila mmoja asubuhi yake kamili, mvua ikinyesha au isinyeshe. Wa mwisho alikuwa Claudine.

Siku hiyo kazi ilipoisha Claudine akasimama kwenye kichwa cha shamba. Akafuta jembe lake kwa jani la mgomba, polepole kuliko kawaida, au Evaline ndiye aliyeona hivyo.

"Jumanne," alisema, "kwa mama Isack. Shamba la mlimani, maharage ya msimu wa pili. Kagerankanda hatuji. Ulikofungua kwa mashine utajua mwenyewe utakavyopalilia."

Wakacheka, na Evaline akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko ilivyopasa. Ekari nne za nyasi zilikuwa bado zinamuuma, lakini maumivu hayo aliyajua, yalikuwa ya shamba tu.

Waliteremka wawili, yeye na Claudine, majembe mabegani. Haikupita hatua kumi ulimi ukamshinda.

"Nilidhani nafasi yangu mmeshampa mtu."

"Mke wa Nsabimana aliiomba," Claudine alisema. "Mara tatu. Mara ya mwisho alikuja na ndizi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumetimia tisa."

"Lini hiyo?"

"Mara ya kwanza, Oktoba."

Evaline akahesabu. Oktoba yeye alikuwa kwenye ua wake, akifuta trekta vumbi. "Oktoba mlikuwa wanane, dada."

"Mimi zamu sijawahi kukosea," Claudine alisema.

Evaline akaweka jembe chini, akakaa kando ya njia, akalia waziwazi bila kujificha na khanga. Claudine alisimama akamsubiri. Alipomaliza, wakaendelea kuteremka.