Neno Nililolipigia Ukelele Kondeni

Thersandro, shemeji yangu, alinifukuza katika nyumba ya marehemu mume wangu na kuninyang'anya binti yangu, Melino. Kosa langu lilikuwa neno moja.

Huku kwetu Boiotia, katika nchi ya Wagiriki, nzige mmoja tunamwita akris, na kumtaja si vibaya. Watoto humfunga uzi wakacheza naye. Wakiwa wengi ni akrides, na hilo halitamkwi shayiri ikiwa bado imesimama. Ukiwataja wengi, umewaalika. Nililijua hilo tangu utotoni.

Mwaka ule tulikuwa tumeinama tunavuna. Nikainua kichwa kufuta jasho, nikaona mlima umepotea na jua limefunikwa. Halikuwa wingu la mvua, lilimetameta. Nikafungua mdomo nimtaje mmoja, kama desturi. Lakini nani angekimbia kwa ajili ya mmoja?

"Akrides!" nikapiga ukelele. "Akrides jamani, kusanyeni!"

Watu wakakimbia. Miganda iliyokwisha kukatwa tuliirundika ghalani, tukaziba mlango kwa ngozi na udongo. Kisha wakatua. Walitafuna kwa mlio wa moto uliokamata makapi, na walipoondoka hata magome ya mizabibu hayakuwapo.

Thersandro akasimama mbele ya madhabahu ya mungu Apolo, watu wote wakisikia.

"Mwanamke huyu ndiye kawaita."

"Shemeji, walikuwa wameshafika! Hukuwaona?"

"Nilimwona mmoja."

"Mmoja aliyefunika jua?"

Mtu akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Thersandro hapendi kuchekwa.

"Rudi kwa ndugu zako, mchawi wewe! Mtoto ni wa ukoo wetu."

Melino alilishika vazi langu. Wifi yangu Praxo akambandua kidole kimoja kimoja. "Nyamaza, mwanangu. Unaufuata mkosi wa nini?"

Majira ya baridi Thersandro na watu wake walikula shayiri ile ile tuliyoiwahi kabla ya nzige kutua. Mimi nasokota sufu kwa kaka yangu, na mkewe huangalia kila tonge ninalomeza.

Juzi, siku ya sikukuu, nilimwona Melino njiani. Amerefuka. Nikamwita. Akatema mate kifuani mwake, kama tufanyavyo kukinga husuda, akapita.

Namdai Thersandro mtoto wangu. Namdai pia aseme, pale pale madhabahuni, watu wale wale wakisikia, kwamba jua lilikuwa limeshafunikwa kabla sijafungua mdomo.