Treni Iliyowaaga Wageni

Mpaka leo nikipita mbele ya msikiti wetu nashusha kofia hadi kwenye nyusi, maana aibu yangu inajulikana Kismayo nzima na visiwani pia. Lakini kwanza niwaambie walivyonidharau, mjue kwamba kushindwa sikushindwa. Walisema treni haitatoka jikoni. Shee, seremala wa mtaani, alisema mbele ya watu, "Waryaa, mji mzima hauna reli, wewe wataka kuilaza sebuleni kwa mamako?" Wengine wakasema Ulaya imenigeuza kichwa. Mimi ni mtu niliyetoka hapa nikiwa nimebebwa mgongoni, nikakulia kambi ya wakimbizi, nikauza samaki Mombasa asubuhi na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya umeme (ipo ukutani, ina fremu), nikafanya kazi Uholanzi, na huko jirani yangu mmoja mzee alikuwa amejenga reli chumba kizima, milima na stesheni, akanifundisha. Mtu kama huyo haambiwi haiwezekani.

Basi nilirudi na injini tatu, mabehewa na reli ndani ya sanduku, kila injini ukubwa wa mkate, na vilivyobaki nikaazima. Shee mwenyewe alinipa mbao huku akicheka, jirani yetu Bi Zainabu akanipa mlango wa stoo yake uwe jukwaa la stesheni, wavuvi wakanipa betri ya boti, kwa kuwa umeme wetu haukawii kukatika. Nikatoboa ukuta wa mama, reli ikatoka jikoni, ikazunguka sebule mbele ya mikeka yote, ikarudi jikoni, na mlima wa magunia na chokaa, na daraja la makopo ya maziwa. Ikaenda. Shee alikuja kuitazama akanyamaza, na kunyamaza kwake nilikuona kama diploma ya pili.

Sasa sikilizeni nilipoharibu. Dada yangu Mwanakheri na Omari wa kisiwa cha Chula walikuwa wametakana siku nyingi, lakini baba alishafariki na walii wake, wa kumwozesha, ni mimi, kwa hiyo walingoja nirudi. Jibu langu lilikuwa ndiyo, kila mtu alilijua, kilichobaki ni wazee wa Chula waje waombe kwa mdomo na mimi nikubali kwa mdomo. Nikaamua wageni hao wahudumiwe na treni.

"Kaka," Mwanakheri aliniambia, "wape kahawa kwa mkono, kama watu."

Nikamwambia hajui mambo.

Na nilitaka iende yenyewe, mimi nikae na wageni mikono mitupu kama bwana mkubwa. Nikaing'oa saa ya mashine ya kufulia iliyokufa, ile inayogawa zamu za kufua na kukamua, nikaifunga ipeleke umeme kwa zamu: treni ya kwanza kahawa, ya pili halwa, ya tatu chetezo cha udi. Kila zamu ikikaribia kengele ilie jikoni, mama apakie. Swichi ya kuzimia sikuweka, ili watoto wa jirani wasiichezee. Nikakadiria maongezi: salamu, ombi, jibu, fatiha. Kwa hesabu ya Uholanzi muda ulitosha na kubaki. (Na kwetu mnajua, udi ukishapita hakuna kikao tena. Mgeni hujifukiza, huaga, huondoka. Udi ni kwaheri yenye adabu.)

Wazee walifika baada ya alasiri, msemaji wao akiwa Ami Kassim, ami yake Omari. Treni ya kahawa ilipochomoza ukutani wote wakakunja miguu.

"Hii nini, mwanangu?"

"Treni, Ami."

"Yauma?"

"Haiumi."

"Imezoea wachu?"

Nikasema imezoea watu. Wakanywa, wakala halwa, hakuna kikombe kilichomwagika, nami nilikuwa nimevimba kama samaki bunju. Ndipo Ami Kassim akaanza. Akamhimidi Mungu, akamswalia Mtume, akawarehemu marehemu wetu mmoja mmoja, akaingia kwenye nasaba, babu yetu aliyetoka kisiwa cha Fuma, akaoa Chovae, binti yake akaolewa Chula, kuonyesha kwamba haombi kwa watu baki. Hivyo ndivyo watu huomba mke, nami nilikuwa nimesahau. Alikuwa bado yuko Chovae kengele ilipolia jikoni.

"Na kwa sababu hiyo," akasema Ami Kassim, "leo tumekuja na neno letu moja, nalo ni..."

Harufu ilitangulia. Kisha treni ya tatu ikatoka ukutani na moshi wake. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichotazama ni ile kona karibu na goti la Ami, kama makaa yatamwagika, na ilipopita vizuri nikatabasamu. Kisha nikaona hakuna anayeitazama treni. Wote wananitazama mimi.

Nikaruka. Nikakinyanyua chetezo kutoka kwenye behewa kwa mikono miwili ili kisifike kwao, na kwa kuwa aliyekuwa karibu ni Ami Kassim, nikajikuta nimeinama mbele yake, nimeshika udi chini ya ndevu zake, mimi mwenye nyumba, kwa mkono wangu.

Akafunga mdomo, lile neno likabaki ndani. Akavuta moshi kwenye ndevu, akavuta kwenye mikono ya kanzu, akampisha mwenzake. "Alhamdulillahi," akasema taratibu, "mwenye nyumba amejibu kabla hatujauliza."

Wakainuka. Na mama kule jikoni, aliyeona udi umetoka na kujua mambo yamekwisha kwa heri, akapiga kigelegele, mashangazi wakamwitikia. Wazee wa Chula walivaa viatu vyao kwa vigelegele.

Nikawafuata mbio barabarani.

"Ami, si mimi. Ni treni."

Akasimama. "Kumbe walii wa binti ni treni?"

"Hapana, Ami, ni saa. Ya mashine ya kufulia."

Hapo ningenyamaza. Akanitazama mikono, nami nikajitazama, kumbe bado nimebeba chetezo, nimewafukiza mtaa mzima.

Niliporudi mama aliniuliza, bado anacheka, "Wamesema mwezi gani?" Mwanakheri alikuwa amesimama kwenye tundu nililotoboa, amesikia yote. Hakulia. Alisema, "Nilikungoja wewe, kaka. Bora ungebaki hukohuko." Asubuhi wazee wakarudi kwao.

Walii kumfuata mposaji kwao sijawahi kusikia, lakini nilikwenda Chula kwa boti, natapika njia nzima. Ami Kassim alinipokea kwa heshima zote. Kila nikianza, "Ami, nimekuja..." ananijibu, "Kula kwanza." Nilipomaliza kula akaanza nasaba upya, kutoka Fuma, na safari hii hakuruka tawi. Mguu wangu ukafa ganzi. Watu wakaja kuchungulia mlangoni.

"Ndiye huyu wa treni?"

"Ndiye."

Jua lilikuwa limeshageuka alipolifikia lile neno: wanamtaka Mwanakheri awe mke wa Omari. Upesi mno nikasema nimekubali, mpaka mamake Omari akacheka nyuma ya pazia. Ndipo Ami akaagiza udi, akanishikia yeye mwenyewe. "Sasa waweza kwenda."

Mwanakheri alitoa sharti moja, kwamba wageni wa harusi wasikute hata msumari wa treni, na wote walioniazima warudishiwe vyao, yeye akishuhudia. Tukazunguka mtaa, mimi na mlango kichwani, yeye nyuma na msumeno wa watu. Mbao zikaenda, betri ikaenda, na wa mwisho alikuwa Bi Zainabu, aliyepapasa mlango wake kwa kidole.

"Una matundu, mwanangu."

"Nitayaziba, Bi."

"Yazibe leo. Kesho naenda harusini, stoo nitaiacha wazi?"

Nikaketi kizingitini, diploma na yote, nikaziba tundu moja baada ya jingine. Mwanakheri, ambaye tangu siku ile alikuwa akisema nami kwa haja tu, akaketi kando yangu, akaanza kunisimulia mambo ya Omari, maneno marefu yasiyo na kichwa wala mkia. Niliapa pale pale kwamba mtu akianza kusema mbele yangu sitampangia mwisho wake. Matundu yaliisha, maghribi ikaadhiniwa, yeye bado anasema, nami sikuinuka.